Nyanya zinakufa na mvua haiachi, nimepulizia mpaka nimechoka (Busia)

NyanyaBusia

Wakulima habari zenu. Mimi niko Busia upande huu wa Uganda, ukishuka ile njia ya Majanji. Nina nusu eka tu na msimu huu nikaweka nyanya yote, aina ya Rio Grande, kwa sababu msimu uliopita jirani aliuza mpaka akanunua pikipiki na mimi nikasema basi na mimi. Miche nilichukua kwake huyohuyo. Sasa ni wiki ya saba tangu nihamishie shambani, matunda ya kwanza yameshika, makubwa kama limau, nilikuwa nahesabu maboksi kichwani usiku badala ya kulala.

Halafu hii mvua. Imenyesha siku tano bila kupumzika, usiku ndiyo inazidi, asubuhi ukungu unakaa mpaka saa nne. Jumatatu nikaona majani yana mabaka kama yamemwagiwa maji ya moto, jumatano mabaka yamekuwa ya kahawia kuelekea nyeusi na mashina yana michirizi, leo ijumaa kuna mistari sita ukiitazama kutoka barabarani ni kama mtu amepitisha moto. Harufu yake sitaki hata kuisema.

Na kule chini karibu na mfereji kuna shida ingine, ama ni ileile sijui. Huko mmea unanyauka tu mzima mzima na majani bado kijani, asubuhi umesimama kidogo, saa saba umelala kama mtu aliyelewa waragi, baada ya siku mbili umekufa. Nimeng'oa kama 40.

Dawa sasa. Nilienda dukani mjini nikaeleza, kijana akanipa mankozebu, nikapulizia mara tatu ndani ya wiki moja, hakuna, nikarudi akanipa ingine inaitwa kabendazimu akasema hii ndiyo inamaliza ukungu wote. Wapi. Mpaka sasa laki mbili na elfu ishirini zimeenda kwa dawa peke yake na hiyo ilikuwa hela ya shule, mama watoto hajasema kitu lakini ananimiminia chai kimya kimya, wenye ndoa mnajua.

Naomba kuuliza, niongeze dozi? Ama kuna dawa kali kuliko hizi? Na zile za chini niziwekee nini? Picha zimekataa kupanda, bando limekwisha.

FundiBomba

Boss ongeza dozi usiogope. Hao wa kuandika lebo wanaandika kidogo kwa sababu wako ofisini hawajui mvua ya huku. Mimi napulizia watu mashamba yao hapa Iganga na kazi yangu wanaijua, naweka mankozebu mara mbili ya walivyoandika, ndani ya bomba hilohilo natia dawa ya wadudu na mbolea ya majani, unapiga vyote safari moja, unaokoa muda. Na usiache kupulizia hata siku ya kuvuna, wachuuzi wa Kampala wanataka nyanya yenye ule unga mweupe wa dawa, ikiwa haina wanakwambia itaoza njiani.

BwanaShambaTororo

FundiBomba kijana wangu wewe ngoja, nitakurudia.

NyanyaBusia pole sana ndugu. Kabla hujanunua kitu kingine funga kwanza mfuko. Nimekusoma mara mbili na ninavyoona una magonjwa mawili ndani ya shamba moja, na moja kati ya hayo halina dawa dukani, si Busia, si Kampala, si ng'ambo kwa Wakenya. Atakayekuuzia anakuuzia maji.

Lile la juu ni blaiti, wengine wanaliita bakajani chelewa. Hakikisha hivi: kesho amka kabla jua halijapanda, chukua jani lenye baka uligeuze, tazama upande wa chini pale baka linapokutana na kijani. Utaona ungaunga mweupe kama wa mkate uliolala. Ukichelewa mpaka jua lipige unakauka huuoni tena. Hizo ndizo mbegu zake, upepo unazibeba mpaka kwa jirani. Inapenda jani lililolowa masaa mengi na baridi ya kiasi, nyuzi 15 mpaka 22 hivi, maana yake zile usiku zako tano zilikuwa sherehe yake. Wiki moja inatosha kumaliza shamba. Ndiyo hiyohiyo inayopiga viazi vya Kabale na Kapchorwa, na ndiyo iliyoingia viazi vya Ireland 1845 watu wakafa njaa, kwa hiyo wewe si wa kwanza kunyang'anywa usingizi.

Kwa nini dawa zimeshindwa? Mankozebu ni koti la mvua. Inakaa juu ya jani, inazuia zile mbegu zisiote. Ugonjwa ukishaingia ndani ya jani, koti la nini, umelivaa wakati umeshalowa. Ilitakiwa iwe juu ya majani KABLA ya zile siku tano. Na kila ukipulizia halafu mvua ikanyesha haijakauka, umeosha shamba tu.

Kabendazimu ndiyo imeniudhi. Huyu wa blaiti kwa sura ni ukungu lakini kwa ukoo si ukungu, ndugu zake wa karibu ni wale mwani wa majini, na kabendazimu haimgusi kabisa hata ukimwogesha nayo. Aliyekuuzia hajui au anajua, yote mawili ni mabaya.

Sasa za chini. Mmea kunyauka na majani bado kijani, hiyo inanipeleka kwa mnyauko wa bakteria, huko Buganda wanasema kiwotoka. Usiniamini mimi, pima. Kata shina la mmea ulioanza kunyauka leo (si uliokufa), sentimita kumi hivi juu kidogo ya udongo, litumbukize mdomo wa chini kwenye glasi ya maji safi, lishike au lifunge na uzi lisiguse chini, usilitikise. Dakika tano. Kata na shina la huko juu penye blaiti uweke glasi ya pili. Uje utuambie umeona nini. Na utuambie pia hapo kabla ya nyanya kulikuwa na nini, miaka kama mitatu nyuma.

AfandeMstaafu

Jambo wananchi. Mimi nilitoka jeshini, sasa nalima Luweero, eka mbili nyanya na pilipili hoho. Nakubaliana na bwana shamba lakini kuna kitu amesahau: hata dawa ikiwa ndiyo, uliyonunua ni yenyewe?

Msimu wa kwanza baada ya kustaafu niliingia Kampala mwenyewe, nikazunguka maduka, nikakuta moja wanauza ile mchanganyiko wa metalaksili na mankozebu bei chini ya wote. Nikanunua kilo mbili nikijiona mjanja. Kufika shambani nimeitia kwenye ndoo, unga wote ukashuka chini kama mchanga wa mto, juu yakabaki maji ya rangi ya yale unayonawia mikono ukimaliza posho (ugali). Nikakoroga. Ukashuka tena. Dawa nzuri ya unga ukiikoroga inabaki imeelea ndani ya maji, hata ikishuka inashuka polepole. Hiyo mimi nilijua, sikuwa mjinga, lakini nilikuwa nimeshalipa kwa hiyo nikapulizia, nikijiambia labda. Hiyo "labda" ilinigharimu eka nzima. Nilirudi kwa yule mtu akaniambia afande wewe hukuchanganya vizuri. Afande mzima nafundishwa kukoroga!

Tangu siku ile nanunua kwa mmoja tu ambaye namjua na anajua kwangu, nadai risiti, naangalia pakiti haijashonwa upya wala kubandikwa karatasi juu ya karatasi, naangalia tarehe na namba ya usajili. Dawa ya kupimiwa kwenye kavera (mfuko wa plastiki) sinunui hata unipe bure.

Ya pili, bomba lako. Pulizia maji matupu juu ya jiwe kavu au ukuta. Ukiona matone makubwa yanateleza, mdomo wa bomba umechakaa, badilisha, bei yake ni ya soda chache. Inatakiwa ikae kama umande. Halafu watu wengi wanapulizia kama padri anayenyunyiza maji ya baraka, kutoka juu, wanapita. Ugonjwa unakaa chini ya jani na katikati ya mmea penye giza. Geuza mdomo uangalie juu, pitisha chini.

Na hizo nyanya zako umezisimamisha? Hujasema. Zikilala chini wakati wa mvua hakuna dawa. Mimi naweka mti mmoja kila mmea, nafunga na zile kamba kavu za mgomba, haziumizi shina na hazinunuliwi. Majani yote ya chini yanayogusa udongo natoa, siku ya jua tu, siyo ya mvua. Chini natandika nyasi kavu ili tone la mvua lisirushe matope kwenye majani. Ile kazi ya nyasi ilinipunguzia kupulizia kuliko dawa yoyote ninayoijua.

FundiBomba

Sawa wazee mmenipiga. Lakini mimi wateja wangu wanavuna.

NyanyaBusia

Nimerudi. Bwana shamba Mungu akupe maisha.

Nilichukua glasi mbili za mama watoto, zile za wageni, akanikuta nazitia mashina ya nyanya akataka kuniua lakini alipoona naangalia hivi na yeye akainama akaangalia. Glasi ya kwanza, shina la juu la blaiti, maji safi tu, limekaa kama ua. Glasi ya pili, shina la chini, kwanza hakuna kitu, nikasema aa hii nayo imekataa, halafu kama dakika ya tatu mtoto wangu wa kike akasema baba moshi. Kweli. Kitu cheupe chembamba kinatoka kwenye mdomo wa shina kama moshi wa sigara lakini badala ya kupanda kinashuka, nyuzi mbili tatu, taratibu mpaka chini ya glasi. Tukakaa pale watu watano tunaangalia glasi kama televisheni. Baada ya nusu saa maji yakawa kama yametiwa maziwa kidogo. Nikapasua lile shina kwa kisu, ndani pembeni limekuwa kahawia.

Na ule unga mweupe chini ya jani nimeuona saa kumi na mbili na nusu asubuhi, upo.

Uliuliza kabla kulikuwa na nini: hapo chini mwaka juzi mama alikuwa na biringanya, na baadaye nakati (mboga ya majani) ya kula nyumbani. Biringanya zilikauka tukasema ni jua. Na leo nimepita kwa jirani wa miche, shamba lake liko juu ya langu kidogo, amefunga mlango wa ua haraka lakini nimeshaona, na zake zimelala. Maji ya mvua yanatoka kwake yanapita kwangu. Sikumuuliza kitu. Nimesalimia tu nikaenda.

BwanaShambaTororo

Huo moshi ndio bakteria wenyewe wanatoka kwenye mirija ya mmea, wameiziba ndiyo maana maji hayapandi, mmea una kiu ukiwa umesimama ndani ya matope. Sasa unajua. Na usimfanyie jirani kesi, inawezekana hata yeye alinunua miche hiyohiyo kwa mtu, au ni zile biringanya za mama zilianza. Biringanya, nakati, ntula (nyanya chungu), pilipili, viazi mviringo, tumbaku, nyanya, hao wote ni ukoo mmoja na huyu bakteria anawala wote. Anakaa kwenye udongo miaka.

Fanya hivi, anza chini:

Mmea ulionyauka ng'oa pamoja na udongo wa mizizi, tia ndani ya gunia au kavera papo hapo, usiuburute kwenye mistari. Usiutupe kwenye mfereji wala kwenye mbolea ya nyumbani. Ng'oa na miwili mitatu ya jirani zake hata kama inaonekana mizima, najua inauma. Shimo liache wazi usipande tena nyanya ndani, watu wanapenda kuziba pengo, unaziba pengo kwa maiti mwingine. Chimba mtaro upande wa juu maji ya kwa jirani yapite pembeni. Kupalilia kwa jembe karibu na mizizi acha kabisa, kila mzizi unaoukata ni mlango. Na kila siku kazi ianze juu imalizikie chini, ukitoka chini osha jembe, panga na mabuti kwa Jik (dawa ya kung'arisha nguo nyeupe), usirudi juu mpaka kesho.

Dawa ya huo mnyauko ni hiyo. Ukiambiwa kuna sindano ya kuweka kwenye shina, kimbia.

Sasa juu. Ile mistari sita iliyoungua itoe yote, inazalisha mbegu kila usiku. Iliyobaki ambayo ina baka hapa na pale, toa majani yenye baka, halafu hapa ndipo unapohitaji dawa inayoingia ndani ya jani: metalaksili iliyochanganywa na mankozebu, au simoksanili na mankozebu. Kiasi ni kile cha kwenye lebo. Usirudie metalaksili zaidi ya mara mbili tatu kwa msimu mzima, huyu mdudu, samahani si mdudu, huyu jamaa anaizoea haraka, sehemu nyingi duniani ameshaizoea. Katikati unarudi kwa mankozebu au ya shaba kama koti. Mvua ikiwa kila siku unapulizia kila baada ya siku tano mpaka saba, ikikatika unaweza kusogeza hadi kumi. Subiri umande ukauke, tazama mawingu, ukipata masaa mawili matatu makavu yatumie. Dawa ya kugandisha ukiipata weka, inasaidia isioshwe. Kupulizia jioni jua linazama hapana, majani yanalala yamelowa, umemsaidia adui.

Na sasa FundiBomba, nilikuahidi. Dozi mbili haiui mara mbili. Inachoma majani, inamaliza hela ya mtu na inabaki kwenye nyanya. Dawa ya wadudu kwenye mvua kubwa kama hii unaua nini? Nzi weupe, utitiri, mvua yenyewe inawapunguza. Unaua nyuki na wale wadudu wanaokula wadudu. Na huo unga mweupe wa siku ya kuvuna, lebo ya mankozebu inakwambia siku ngapi uache kabla ya kuchuma, isome, mara nyingi ni wiki. Umoja wa Ulaya mwisho wa 2020 walikataa kuendelea kuiruhusu hiyo mankozebu kwa sababu ya afya, sisi bado tunaitumia na mimi naishauri kwa sababu ndiyo mtu wa kawaida anaimudu, lakini basi tuitumie kwa adabu.

KahawaKasese

Samahani naingilia, huo mnyauko wa bakteria ndio wa migomba pia? Migomba yangu pembeni ya kahawa majani yanageuka njano na ndizi zinaiva kabla ya wakati, ukikata ndani zimeoza.

BwanaShambaTororo

Hapana KahawaKasese, jina linafanana lakini huyo ni bakteria mwingine, wa migomba alionekana Uganda mara ya kwanza 2001 upande wa Mukono. Haendi kwa nyanya. Kata shina lenye ugonjwa tu chini kabisa usawa wa udongo, rudia kila likitokea lingine, choma panga kwenye moto au lioshe kwa Jik kabla ya kugusa shina la pili, na zile chane za ndizi zikimaliza kutoka vunja lile ua la dume kwa kijiti chenye panda, si kwa panga, kwa sababu wadudu wanaonyonya hapo ndio wanaoleta. Fungua uzi wako tutakujibu vizuri, hapa ni pa nyanya.

MamaBweyale

Salamu kwenu wote. Mimi ni mama niko Bweyale, Kiryandongo, tulikuja kutoka Congo na watoto, shamba langu ni kipande kidogo tulichopewa kwa hiyo mimi siwezi kulima nyanya peke yake, nikikosea hakuna chakula. Nyanya nimeweka mistari minne, mingine mahindi, maharage na dodo (mchicha).

Baba Busia, hilo eneo la chini ulilong'oa usiliache tupu likaota magugu. Panda mahindi. Huyo bakteria wa nyanya hali mahindi, na mvua bado ipo yatawahi. Maharage pia sawa. Sisi tulifanya hivyo misimu minne mfululizo sehemu moja, mahindi, maharage, mahindi, mtama, ndipo tukarudisha nyanya, na zikasimama, si zote lakini zikasimama.

Mahindi na yenyewe yana viwavi, wale waliokuja 2016, 2017 hivi, wanaotoboa katikati. Mimi dawa sinunui. Asubuhi natembea na watoto kabla ya shule, kila mmoja mstari wake, tunatafuta mayai, yamekaa pamoja kwenye jani yamefunikwa na manyoya kama ya paka, tunayaponda kwa vidole. Aliyeshaingia kwenye moyo wa hindi tunamtilia majivu na udongo mkavu kiganja kidogo. Mvua kubwa ikipiga inajaza maji ndani ya ule moyo na wale wadogo wanakufa, hiyo ndiyo faida moja ya mvua hii tunayoilalamikia. Lakini ukingoja mpaka amekuwa mkubwa, majivu anayacheka.

Na wewe FundiBomba mwanangu nikuulize, unapulizia umevaa nini?

FundiBomba

Mama umeniuliza hadharani. Navaa kaptula na fulana, joto bana, lile koti la nailoni unapika ndani. Gambuti ninazo ila zimetoboka. Mgongo huu ukipiga bomba la lita 16 mara ishirini kwa siku, dawa inavuja pale kwenye mfuniko inashuka mpaka kiunoni. Jioni kichwa kinauma na macho, nakunywa maziwa yanaisha. Nilidhani ndiyo kazi.

Lakini wazee na nyinyi mseme ukweli, nikienda kwa mteja nikamwambia leo hakuna haja ya kupulizia, nani atanilipa? Mimi nalipwa kwa bomba. Na mchuuzi akikataa nyanya bila unga, mkulima ananilaumu mimi.

AfandeMstaafu

Hapo umesema kitu. Mwambie mteja akulipe kwa kupita shamba, siyo kwa bomba. Mimi kijana wangu namlipa kwa wiki, anapita mistari jumatatu na alhamisi, anatafuta baka la kwanza, akilipata anapata elfu tano juu. Tangu nianze hiyo anatafuta baka kama anatafuta simu iliyopotea. Na rekebisha huo mfuniko leo, mpira wake ni kitu kidogo, ukikosa kata kutoka kwenye mpira wa ndani wa baiskeli. Shati la mikono mirefu, suruali, kavera kubwa mgongoni chini ya bomba. Maziwa hayatoi sumu, sabuni inatoa.

MamaBweyale

Na uoge kabla ya kumbeba mtoto.

NyanyaBusia

Wiki nne baadaye, nimeona niwarudishie habari maana wengi wanauliza halafu wanapotea.

Mistari sita ilitoka, ya chini ilitoka karibu yote, nikabaki na kama nusu ya shamba. Metalaksili na mankozebu nimepiga mara mbili, katikati shaba. Nyasi nimetandika, miti nimeweka mpaka mikono ikatoka malengelenge, kamba za mgomba kama alivyosema afande. Kulikuwa na wiki moja mvua ilirudi vibaya nikasema sasa basi, lakini nikipita asubuhi na kugeuza majani nakuta mabaka makavu pembeni, unga hakuna. Mmea ulionyauka nimepata mitatu tu mipya, nimeingiza kwenye gunia. Mahindi huko chini yameshafika kwenye goti.

Jirani nilimwendea mwishowe, nikabeba glasi na shina. Tukakaa kwake tukaangalia moshi. Alinyamaza sana, halafu akasema miche alinunua kwa mtu njiani, akachukua jembe tukachimba mtaro pamoja, upande wake na upande wangu.

Jana nimechuma mara ya kwanza, maboksi saba. Mwaka wa pikipiki ya jirani yeye alikuwa anatoa ishirini kwa mchumo mmoja, lakini saba ni saba. Mchuuzi akachukua nyanya moja akaipangusa kwa kidole, akatazama kidole, akasema mbona hizi hazina dawa. Nikamwambia nimeacha kupulizia siku tisa zilizopita. Akasema basi zitaoza kabla ya Jinja, punguza elfu kumi kila boksi. Tukabishana mpaka tukaangukia elfu tano. Mama watoto alikuwa amesimama pale pembeni, akachukua ileile aliyoipangusa mchuuzi akaila na chumvi.

Nina swali lingine sasa. Hiyo aina ya nyanya inaitwa MT56 iliyofanyiwa kazi Chuo Kikuu cha Makerere, nasikia inavumilia huo mnyauko wa bakteria, kuna mtu ameshaipanda? Na mbegu yake inapatikana wapi kabla ya mvua za mwezi wa nane?